Malalamiko Dhidi ya Daktari Aliyelihoji Kokwa

Deng Guangfu,
Mtaa wa Kisima cha Chumvi,
Zigong, Sichuan.

Kwa Mkurugenzi,
Hospitali ya Daraja la Mawe.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: DAKTARI MOU WA GHOROFA YA SABA, NA KOKWA LA MKE WANGU

Kabla sijaanza kulalamika nataka ujue unaandikiwa na nani, usije ukadhani ni mtu mwenye dhiki zake. Mimi ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote mtaani kwetu, na mtaa wetu ni mrefu. Nimeendesha lori la chumvi kutoka hapa hadi Harbin, ambako ukitema mate yanaganda kabla hayajafika chini, na nikafika mpaka Kashgar, ambako tikiti maji ni tamu hadi unakula na maganda. Sikupinduka hata mara moja. Nina mama wa miaka tisini ambaye bado anatafuna sungura wa pilipili kwa meno yake mwenyewe. Nina mke, Luo Suhua, ambaye mapishi yake yamewahi kuwapiganisha madereva wawili wa Chongqing. Na juu ya hayo yote nina mwana mmoja, Jianbo, yuko Shenzhen, fundi wa mitambo anayesikilizwa hata na wakubwa zake, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana anapiga simu nyumbani. Nitafutie baba mwingine hapa Zigong ambaye mwanawe anapiga kila Jumapili. Utatafuta mpaka viatu viishe.

Mtu wa namna hiyo halalamiki ovyo. Shule niliiacha mapema, lakini barabara imenimalizia masomo, na najua barua ya malalamiko ikikosa namba haisomwi. Basi namba hizi hapa.

1. KUNIFUKUZA KATIKA UGONJWA WA MKE WANGU MWENYEWE

Tangu mwaka jana Suhua hali chakula. Anasema kuna kokwa la plamu limemkwama kooni, halipandi wala halishuki. Kifua kinambana, tumbo linajaa upepo, na nguo zake sasa zinamning'inia kama zimeanikwa. Mganga wa mitishamba alisema ni moto wa ini. Wenzako wa ghorofa ya tatu walimtia kamera kooni, wakatazama mpaka chini, wakasema kooni hamna kitu. Mimi mwenyewe nilimmulika kwa tochi ya lori, tochi ambayo imewahi kumtafuta ng'ombe kwenye ukungu, sikuona kokwa. Ndipo wakatuandikia twende ghorofa ya saba.

Tulikwenda kama watu wenye heshima zao wanavyokwenda: mimi, mgonjwa, dada yangu Guangxiu, na shemeji na chupa yake ya chai. Tukamkuta Daktari Mou, binti mwenye miwani, umri wake sawa na sandali zangu. Akauliza, "Mama Luo, unajisikiaje?" Nikajibu, "Anajisikia vizuri, ila tumbo." Akauliza, "Usingizi unapata?" Guangxiu akajibu, "Huyo? Analala kama gogo!" Guangxiu anakaa ng'ambo ya mto, lakini anajua. Akauliza, "Una watoto wangapi?" Nikajibu bila kusita: mmoja, yuko Shenzhen, kila Jumapili anapiga simu. Suhua alikuwa anatazama viatu vyake, kwa sababu ni vipya.

Hapo daktari akaweka kalamu chini akasema, "Wazee wangu, naomba mtupishe kidogo."

Nikadhani anaambia familia nyingine. Shemeji hata aligeuka kutazama nyuma. Daktari akasema, "Nyote. Na chupa ya chai."

Ndugu Mkurugenzi, mimi nimejibu kwa niaba ya mke wangu benki, sokoni na kwa wakwe. Ugonjwa ukiingia nyumbani kwetu ni wa wote, kama sufuria. Itakuwaje basi mwenye sufuria atolewe nje, abaki mle ndani mtu anayeumwa tu?

2. ALAMA ZETU KUKATALIWA

Pale barazani nilipewa karatasi ya maswali, nimsaidie mgonjwa kuijaza kwa kuwa miwani yake ilibaki nyumbani. Je, katika siku za karibuni umekosa furaha? Nikaandika hapana, furaha ipo. Je, unajiona huna thamani? Hapana, ana thamani sana, uliza mtaani. Swali moja lilikuwa la hovyo kiasi kwamba nilimfunika macho asilione. Tulipata sifuri, alama safi kuliko zote za asubuhi ile. Yule aliyetutangulia alipata kumi na tisa na akaonekana kabisa kuwa hakujitayarisha.

Daktari alipoisoma akaniambia mlangoni, "Mzee Deng, hizi si alama za mama. Hizi ni zako."

Nikamshukuru. Nilikuwa nimefika nyumbani ndipo nilipotambua kwamba hakuwa ananisifu.

3. KULIHOJI KOKWA

Hili nililisikia kwa sababu nilikuwa nimeegemea mlango kwa sikio, ni uchovu tu. Daktari akauliza, kwa sauti ya mtu anayembembeleza paka: "Mama Luo, hilo kokwa lingekuwa na mdomo, lingesema nini?"

Nimekula plamu za mikoa yote ya nchi hii. Hakuna hata moja iliyowahi kunisemesha. Nikamgeukia Guangxiu: "Umesikia? Anazungumza na kokwa!" Guangxiu akasema, "Kaka, nyamaza, sisikii linajibu nini."

Sikusikia jibu. Nilichosikia ni mke wangu analia, na si kile kilio cha kufuta pua na kuendelea na kazi. Alilia kama bomba lililopasuka. Nikagonga mlango, nikasema, "Suhua, usilie, huna huzuni!" Na bado akaendelea.

Nakuuliza wewe msomi: mtu kaja na kokwa, hakuja na machozi. Kama kokwa hamliwezi, semeni hamliwezi. Mtu akileta lori lenye breki mbovu fundi hamuulizi ile breki inamkumbuka nani.

4. KIOO CHA FOLENI

Kile kioo cha barazani kinachotangaza zamu za wagonjwa kimeficha herufi moja ya katikati ya jina kwa alama ya nyota, eti kulinda siri. Ni sawa na mtu kujifunika uso kwa kijiti kimoja cha kulia chakula. Kikaita, "Luo, nyota, hua, chumba cha nne!" Baraza zima likageuka.

Na mbele yetu alikaa nani? Mama Gou, anayeuza tofu hapo kwetu kwenye kona, mwanamke ambaye akipiga chafya habari inafika Chengdu. Akanikazia macho. "Mzee Deng, mnafanya nini huku?" Nikasema, "Nimekuja kurekebisha taa." "Na mke?" "Ananishikia ngazi. Na wewe?" Akatazama dari muda mrefu. Akasema, "Mimi pia nimekuja kwa ajili ya zile taa."

Tangu siku hiyo ananiongezea kipande cha tofu kila asubuhi na hatutazamani. Biashara gani hiyo? Nakuomba uwatengenezee watu wa ghorofa ya saba mlango wa nyuma, wenye kibao cha MENO.

5. DAWA

Vidonge mlivyotupa vimeandikwa ubavuni ni vya nini, kwa herufi ambazo hata mama yangu anaziona. Ikanibidi nivihamishie kwenye chupa ya dawa ya tumbo. Siku ya pili mama akasema tumbo linamsokota, akajihudumia kimoja. Nilikaa karibu naye mchana kutwa nahesabu pumzi zake huku nikijifanya nasoma gazeti. Jioni akaamka akasema, "Guangfu, hii dawa ya tumbo ni nzuri, tumbo bado linauma lakini silijali." Sasa anaidai. Kama mngeandika "tumbo" tangu mwanzo, haya yangetoka wapi?

6. KUMPONYA BILA RUHUSA

Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Suhua alipotoka chumbani macho yamevimba kama maandazi ya mvuke, tulishuka hadi getini, na pale kwa muuza tambi akasimama. Akasema, "Nataka bakuli moja. Na pilipili."

Mimi nimempikia uji. Nimempikia supu ya kuku mweusi. Nimemletea figili za kuchachua kutoka kijijini kwao, kwa basi, zikanuka mpaka kondakta akaomba aonje. Vyote alivitazama tu. Na binti wa miwani, bila kijiko wala sufuria, kamrudishia hamu ya kula kwa kumliza! Alikula tambi mpaka akaona maua yaliyochorwa ndani, kwenye kitako cha bakuli. Mimi nilisimama nimeshika mkoba wake, dereva niliyefika Kashgar, nikashindwa pa kutazama.

Lakini tulipofika darajani akasema, "Guangfu, Jumapili mimi sitaongea na ile simu."

Nikadhani ni tambi. Nikamwambia, "Mtoto atauliza mama yuko wapi." Akasema, "Guangfu," basi, akaendelea kutembea.

Na kweli Jumapili hakuja. Siku zote hukaa kitandani kwa mama, mimi nashika simu, yeye ananiinamia anasema, "Jianbo, kula vizuri, vaa nguo nzito," na anacheka, na mama anasikia mjukuu wake hajambo. Moyo wa mama ni mbovu. Mama anaishi kwa Jumapili hizo. Sasa mwenzangu yuko jikoni anaosha sahani iliyokwisha kuoshwa, na mimi nimebaki peke yangu na simu, nacheka kwa zamu ya watu wawili. Mama akauliza, "Suhua haongei na mwanawe?" Nikasema ana kokwa.

Ndiyo maana nasema Daktari Mou ni hatari. Amemfungua mke wangu mdomo bila kuuliza nyumba yetu imesimama juu ya nini. Miadi ya pili ni Jumatano hii, na Suhua amekwisha kupiga pasi blauzi. Akirudi mle ndani mara ya pili, nani anajua atasema nini, na atamwambia nani.

KWA HIYO NAOMBA YAFUATAYO:

Miadi ya Jumatano ifutwe. Daktari Mou ahamishiwe idara ya mifupa, kwa kuwa mifupa ina adabu, haiongei. Kokwa liandikwe rasmi kuwa ni gesi. Maswali kuhusu idadi ya watoto yapigwe marufuku hospitali nzima, na ikiwezekana mkoa mzima, hata kwenye sensa. Mwisho, nipewe cheti chenye muhuri mwekundu kinachothibitisha kwamba familia ya Deng imepimwa na haikukutwa na huzuni yoyote, nikitundike ukutani karibu na cheti changu cha dereva bora, pale penye msumari ulio wazi.

Nisalimie manesi wote, hasa yule mnene wa barazani aliyempa Suhua maji ya moto bila kuulizwa. Msalimie mlinzi wa getini aliyeniachia nikapita palipokatazwa, na muuza tambi, mwambie zile tambi hazikuwa mbaya. Hata Daktari Mou msalimie, simchukii kama mtu.

Ni mimi, mtu asiye na shida yoyote,
Deng Guangfu
Dereva mstaafu

Nyongeza:

Ndugu Mkurugenzi, barua hii niliisaini Jumamosi nikaichelewesha kwa kukosa bahasha. Leo ni Jumatatu. Tafadhali anzia hapa, huko juu pita haraka haraka.

Jana nilikaa kitandani kwa mama kama kawaida, simu sikioni. Nikaanza, "Jianbo, umekula? Huko mvua inanyesha?" Nikanyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza. Nikacheka. Mama akanyoosha mkono, akanishika hapa kwenye kifundo cha mkono, akasema, "Mwanangu, mwache mtoto apumzike. Na wewe shusha mkono, umechoka." Nikasema, "Mama, yuko hewani." Akasema, "Guangfu, mimi nilimlea yule. Mwaka Mpya mara ya kwanza mkaniambia treni zimejaa. Mara ya pili mkaniambia treni zimejaa. Mjukuu wangu angekuja kwa miguu." Nikauliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Akasema alituona tunavyofurahi, hakutaka kutuvunja moyo.

Suhua alikuwa amesimama mlangoni na sahani yake. Akaiweka chini, akapanda kitandani kwa mama mkwe wake na viatu vyake vipya, wakalia wote wawili, na mimi nikawapikia. Walikula. Mimi ndiye sikuweza. Kuna kitu hapa, chini kidogo ya shingo. Hakipandi wala hakishuki.

Kwa hiyo miadi ya Jumatano isifutwe. Daktari Mou asihamishwe popote, mifupa itafute mtu wake. Na baada ya jina la Suhua naomba liandikwe langu, herufi zote, pasifichwe hata moja. Nitaingia peke yangu. Akiniuliza nina watoto wangapi, sitamhitaji Guangxiu wala mwingine anijibie.

Ile bahati niliyojisifia pale mwanzo ni uongo. Jumapili hapigi mtu. Jianbo alikufa kiwandani Shenzhen mwaka juzi, na simu nilikuwa nashika mimi.