Utelezi wa Bawa

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, leo nimefedheheka, tena mbele ya mtawa.

Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa anabatizwa leo Kamembe, na mimi ndiye niliyeombwa kumpa jina. Tangu vita vianze barabara zimejaa vizuizi, kwa hiyo nilijipatia nafasi katika ndege ndogo. Nilivaa suti. (Tangu siku nilipomzika mke wangu, suti hiyo haikuwa imepata mwaliko.)

Alfajiri ilinyesha mvua ya mawe. Nilipofika uwanjani, mabawa ya ndege yalikuwa meupe kwa barafu, na fundi Fransisko amesimama na ndoo ya maji ya moto.

“Usimwage!” nikapaza sauti. “Yatapasua kioo, na yatakayobaki kwenye bawaba za usukani wa bawa yataganda huko juu!”

“Basi chumvi, muzehe. Wanasema Bulaya wanamwaga chumvi.”

“Wanasema! Huko humwagwa barabarani. Chumvi hula bati la ndege.”

(Hayo niliyasomea Ubelgiji, katika baridi kali. Miaka yote hii hapa Kigali hakuna aliyewahi kuniuliza.)

Niliagiza ufagio laini. Tukafagia taratibu, bila kugonga wala kukwangua, kisha tukapangusa kwa kitambaa. Nikapitisha kiganja kitupu juu ya bati, kwa kuwa utando mwembamba wa barafu hulidanganya jicho. Sehemu iliyo karibu na mlango sikuifikia. Nikapanda juu ya bawa.

“Muzehe, shuka! Hapo iko teleza!”

“Nani amehakikisha?” nikamuuliza.

Nimehakikisha mimi mwenyewe. Viatu vilinitoroka, nikaserereka kwa makalio hadi ukingoni, nikatua juu ya lundo la barafu nililolifagia kwa uangalifu mkubwa. Suruali ikapasuka nyuma, toka kiunoni hadi pasipotajika!

“Yesu Mariya!” akasema mtawa, abiria mwenzangu. Akafungua begi, akatoa kitenge. “Baba, jifunge hii, twende. Watu wataangalia mtoto, hawataangalia weye.”

Fransisko alikuwa amejificha nyuma ya injini. Niliyaona mabega yake yakitikisika.

Rubani akaja mbio. “Mawingu iko inakuja, muzehe. Unapanda ao unabaki?”

Mtu wa umri wangu asimame kanisani na kitenge cha maua? Nikasema nabaki.

Ndege ilipaa vizuri ajabu. Hapakuwa na chembe ya barafu juu yake, wala mimi ndani yake. Jina la mtoto nimelituma kwa mdomo wa mtawa. (Mimi, nisiyeamini habari za kusikia!)

Sasa niko nyumbani Remera, nimejifunga shuka, natazama suruali ikikauka. Msinicheke kwa mbali. Anayetaka kucheka na aje achekee hapa kwangu. Viti vipo.