Dhambi za Mjomba Makhanu

Ijumaa, 2 Aprili
Pasta amepiga marufuku siasa madhabahuni. Mgombea hata kusalimia watu haruhusiwi! Na Mjomba Makhanu anawania uwakilishi wadi hapa Bondeni. Akishinda, mimi ndiye karani wake. Ofisi ya ndani, yenye mlango. Sitalazimika kuongea na watu.

Nimepata njia. Ushuhuda! Anayetubu hanyimwi maikrofoni. Shida ni kwamba Mjomba hana dhambi. Huuza mayai, hulala saa mbili. Nilimuuliza taratibu kama aliwahi hata kuiba. Akafikiri sana, akasema aliwahi kunywa chai ya mgeni.

Haitoshi. Nitamtungia. Nimeomba kwanza, sijasikia kukatazwa.

Jumamosi, 3 Aprili
Mpinzani wetu, Kiprugut, naye anatubu kesho! Eti ana bangi. Sisi tuna pombe tu. Nimeongeza mwanamke wa Longonot. Mjomba alilalamika kwamba hajawahi kufika Longonot. Nikamwambia apunguze mashaka.

Jumapili, 4 Aprili
Kiprugut alitubu bangi, akaongeza ng'ombe wa wizi kutoka Keringet. Makofi! Mjomba akashika maikrofoni. Pombe, haleluya chache. Longonot, kanisa zima likasimama! Akapandwa na mori, akasema yeye na huyo mwanamke wana mapacha, vijana wakubwa sasa. Hatukuwa tumekubaliana mapacha! Pasta akalia. Mimi nikalia.

Anti Namalwa, mkewe, hakulia. Nilisahau kumwambia.

Jumatatu, 5 Aprili
Anti amemwambia Mjomba, mbele ya wateja, aende akawalee mapacha wake. Mjomba analala stoo, na mayai. Sokoni akina mama wanamuuliza, mheshimiwa, watoto wamekula?

Nilikwenda kumweleza Anti ukweli. Nikafungua mdomo. Nikamuuliza kama anataka chai.

Jumatano, 7 Aprili
Mjomba amejiondoa. Akina mama wa kanisa wanamtaka Anti, mke mvumilivu, na chama kimekubali jina lake. Hapo nikajikaza, nikamweleza yote. Akasema mapacha wabaki mpaka kura zihesabiwe. Mjomba naye abaki stoo.

Kwa hiyo ofisi bado ipo!

Lakini Bondeni nzima inataka kuwaona hao mapacha. Jumapili Anti atawasamehe hadharani. Nimepata wanaofaa, vijana wa jirani yetu Sitati. Wanafanana kiasi, ingawa mmoja ana ndevu. Baba yao amekubali. Mama yao sijamwambia. Naona haya kuongea na watu wawili siku moja. Si neno. Yuko kwaya, atasikia papo hapo.