Mjumbe Anayepinga

Afisi ya Uelekezaji wa Magari ya Familia ilifunguliwa rasmi kwa hotuba tatu na maji ya chupa, ili kuuokoa umma na balaa la kujichagulia gari. Tangazo lake lilibandikwa kila pembe ya Mji wa Kale, hata pembe ambazo gari halijawahi kufika. Lilieleza kwamba utafiti wa kina umegundua familia nyingi hununua gari kwa sababu zisizo za kitaalamu, kama vile kulihitaji. Kwa hivyo, tangu siku hiyo, hakuna gari la watu saba litakalotoka yadini, liwe jipya au la mtumba, mpaka familia ithibitishe mbele ya afisa kwamba inalijua gari inalolitaka.

Bi Mejumaa wa Kuze alisomewa tangazo hilo na mwanawe Jamaldin, fundi seremala, na aliposikia mwisho wake akasema kwamba huo ni wema. Alikuwa na miaka sabini na minne, na hakumkumbuka mtu wa serikali aliyewahi kumuuliza anataka nini.

Naye alichokitaka alikijua. Dada yake mkubwa, Bi Mwanakuu, alikuwa Kisauni, ng'ambo ya daraja. Tangu ateleze akaanguka, mguu wake wa kulia haukunjiki. Umenyooka kama mwiko wa pilau. Teksi ndogo haimtoshi, na tuktuk haina subira na mguu wa namna hiyo. Alhamisi ya wiki ya pili ilikuwa ndiyo siku ya kupamba kwa Swafia, mjukuu wake aliyemlea mwenyewe, katika nyumba ileile ya Kuze ambamo hao dada wawili walizaliwa na wakapambwa. Vijana walikwisha kumwambia Bi Mwanakuu kwamba bibi harusi atamuona kwenye simu. Akawajibu kwamba simu ataitazama siku nyingine. Swafia, yeye anataka kumuona kwa macho yake mwenyewe na kumshika uso kwa mikono yake, basi.

"Mejumaa," alimwambia mdogo wake, "nitoe humu. Hata nikilazwa chali kama gunia la mchele."

Jamaldin kwa muda mrefu alikuwa akijinyima kwa ajili ya gari la familia, lile la mlango wa kusukuma na sakafu ya chini. Sasa likawa halina tena kungoja. Mama na mwana wakafunga safari ya Kizingo.

Afisi ilikuwa huko, penye miti na kivuli, ambako watu huenda kwa gari kuomba ruhusa ya gari. Wao walikwenda kwa miguu. Viti vya wageni havikuwapo, kwa kuwa vilikuwa bado vinachaguliwa na kamati yake. Afisa mdogo aitwaye Nanjala, binti aliyetoka bara kuja kufanya kazi, akainuka akampa Bi Mejumaa kiti chake, na asubuhi yote ile akaandika akiwa amesimama, karatasi juu ya kabati la mafaili. Bi Mejumaa aliliweka hilo moyoni.

Mkurugenzi alikuwa Bwana Khubaib, mtu mnene wa sauti laini, mwenye kalamu tatu mfukoni: nyeusi ya kukataa, nyekundu ya kuahirisha, na ya kijani ya kukubali, ambayo ilikuwa mpya kabisa.

"Salaam aleikum, mama. Mnalijua gari mnalolitaka?"

"Aleikum salaam, mwanangu. Nataka gari ambalo dada yangu ataweza kupanda."

Bwana Khubaib alimtazama kwa huruma. Alimweleza polepole kwamba hilo ni hitaji, si chaguo. Chaguo lina utaratibu wake. Familia iunde kamati yenye mwenyekiti, katibu na mjumbe anayepinga, maana kamati isiyo na anayepinga haiaminiki. Jamaldin akawa mwenyekiti. Mkewe, Mwanaesha, akateuliwa katibu bila kuwapo. Bi Mejumaa akapewa kupinga, kwa heshima ya umri wake. Hakuwa na la kupinga, lakini aliahidi kwamba atajitahidi.

Kesho yake walikutana katika yadi ya Kingi, muuza magari, karibu na bandari. Kingi alikuwa nalo gari lilelile katika miundo mitatu, kama mtu na mamaye na bibi yake wamesimama wapigwe picha. Muundo wa kwanza watu waliuita Sanduku. Ulikuwa wa miraba minne, una redio ya kanda, na mlango wake ulisukumwa kwa mkono. Wa pili ulikuwa Jicho la Paka, ambao mlango wake ulijifungua kwa umeme, ukafika katikati, ukafikiri, ukarudi. Wa tatu ulikuwa Meno ya Dhahabu, mpya kabisa, haujakaliwa na mtu, viti vingali na nailoni. Huo ulikuwa mpana kama bibi harusi wa kitajiri, na ulipowashwa ulisema maneno marefu kwa Kijapani.

"Unasikia, mama?" Bwana Khubaib alisema. "Hili ni gari lililosoma."

Bi Mejumaa aliliitikia gari, asije akaonekana hana adabu.

Kisha likaja Jaribio la Subira. Familia nzima ilitakiwa kukaa ndani ya kila gari dakika arobaini bila kwenda popote, kwa sababu, kwa mujibu wa afisi, gari linalotembea huvuruga maoni. Walikaa. Kwenye Meno ya Dhahabu nailoni iliwatelezesha wote wakarundikana upande mmoja, na Mwanaesha akaandika katika kumbukumbu kwamba kamati iko karibu. Kwenye Sanduku Bi Mejumaa alitaka kupanda, goti likakataa. Kingi alikwenda akaleta kigoda chake cha kukalia anapofungua magurudumu, akakifuta vumbi kwa shati lake, akakiweka chini ya mguu wake. Bi Mejumaa akapanda kama anapanda kitandani kwake.

"Hili," alimwambia mwanawe kwa sauti ya chini.

Lakini alikuwa mtu wa Kuze, na mtu wa Kuze haamini jicho. Huko kitanda cha harusi hakinunuliwi, wala kabati, mpaka mwanamke wa nyumba akipime kichochoro kwa leso ambayo bado haijakatwa, jozi nzima, kutoka baraza ya huku mpaka baraza ya kule, akafunga fundo. Kisha leso ile huenda dukani, nayo ndiyo husema. Wako waliojaribu kudharau, na vitanda vyao vililala nje wiki nzima watu wakivikalia na kunywea kahawa. Asubuhi ile Bi Mejumaa alikuwa ameshapima mahali pembamba pa kichochoro chao, na fundo lilikuwa kwenye leso begani. Alimpa Mwanaesha ncha moja wakainyoosha mbele ya kila gari. Sanduku lilikuwa ndani ya fundo, na shibri moja ya mkono ikabaki. Jicho la Paka lilifika kwenye fundo kabisa. Meno ya Dhahabu lilivuka fundo likaendelea.

Aliporudi Kizingo na leso yake, Bwana Khubaib aliikagua pande zote mbili. Alisema ni nzuri sana, mashalla, lakini si chombo kinachotambuliwa. Chombo kinachotambuliwa kimeagizwa ng'ambo, nacho kinasubiri kukaguliwa. Upana wa kichochoro, zaidi ya hayo, ni suala la idara ya kuta. Afisi yake ilikuwa imelinganisha miundo yote mitatu na kuona kwamba familia ya watu saba inastahili muundo wa hivi karibuni, kwa sababu ndio wa hivi karibuni.

"Mwanangu, halitapita."

"Mama, mjumbe anayepinga ameandikwa." Akachomoa kalamu nyekundu. Cheti kingetolewa baada ya Ziara ya Kuthibitisha. Yeye mwenyewe angefika Kuze kwa gari la afisi, ambalo lilikuwa Meno ya Dhahabu vilevile, aonyeshe kwamba linapita. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa Alhamisi, saa kumi.

Bi Mejumaa alitoka nje, akapiga hesabu. Alhamisi saa kumi ndiyo saa Swafia atakapotolewa kuonyeshwa watu. Cheti kitakuja, na gari litakuja, na Bi Mwanakuu atakuwa bado Kisauni anatazama mlango. Kwa mara ya kwanza tangu tangazo libandikwe, alitafuta wema katika jambo hilo asiuone.

Ndipo Nanjala alipomfuata, na kitabu cha kanuni mkononi. Alikuwa amekisoma chote, jambo ambalo hakuna aliyemwambia alifanye.

"Nyanya, nisikilize. Kanuni ya tisa. Gari lolote laweza kutolewa yadini kwa jaribio la barabara, kutoka pale familia isipotaka kuwa mpaka pale inapotaka kuwa, mradi afisa awemo."

"Na afisa ni nani?"

"Mimi hapa. Alhamisi sina kazi nyingine. Mkurugenzi atakuwa kwenye ziara."

Bi Mejumaa aliushika mkono wa binti yule kwa mikono yake miwili, asiuachie mpaka barabarani.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, Sanduku lilivuka daraja kwenda Kisauni. Jamaldin aliendesha, na Nanjala alikaa na fomu magotini. Kingi alikuja pia, kwa ajili ya kigoda tu, alivyosema. Kiti cha mbele kililazwa nyuma, na Bi Mwanakuu akaingizwa na mguu wake ukanyooka juu yake kama mgeni rasmi. Alikuwa amevaa buibui jipya na kujipaka udi. Njia nzima alimuuliza Jamaldin kama gari ni lake. Jamaldin alijibu kwamba bado wamo katika kulijua. Nanjala akaandika kwenye fomu: abiria ameridhika, anaimba.

Walipofika kinywani mwa kichochoro, Jamaldin alikunja vioo. Sanduku likapita mahali pembamba, shibri ikibaki, kama leso ilivyosema, likatokea kwenye kiwanja kidogo mbele ya mlango wa nyumba. Na pale wakasimama, maana mbele yao, kutoka upande wa Ngome ya Yesu, Meno ya Dhahabu lilikuwa limefika pia. Halikuwa limefika lote. Pua ilikuwa kiwanjani, na mwili ulikuwa umebanwa kati ya baraza mbili za majirani wa upande ule, barabara kabisa, kama kizibo kwenye chupa. Lilikuwa likilia pii, pii, na kusema kwa Kijapani bila kupumzika.

Ndani yake alikuwamo Bwana Khubaib. Dereva wake, Ronny, kijana mwembamba, alikuwa ameshatambaa mpaka mlango wa nyuma akatoka, akaenda kutafuta idara ya kuta. Mkurugenzi alijaribu njia hiyohiyo, lakini nailoni ya viti, ambayo afisi hairuhusu itolewe, ilimrudisha kila mara mahali pake.

Bi Mwanakuu alishushwa mbele ya macho yake. Kigoda kikawekwa, mguu ukatua, mlango ukafunguka, na vigelegele vikatoka ndani kumpokea. Swafia alikuwa amekaa juu ya kiti cha kupambwa, asmini kichwani, macho chini kama inavyotakiwa. Aliuona ule mguu ulionyooka kabla ya kumuona mwenyewe. Bibi yake akamshika uso kwa mikono miwili, akauangalia sana. Yale mengi aliyoahidi njiani kuyasema aliyaacha yangoje.

Bi Mejumaa alitazama mpaka akatosheka, kisha akamkumbuka mgeni. Akajaza sahani sambusa na kaimati, akatoka nayo, akampa kupitia dirishani.

"Karibu, mwanangu. Umekaa vizuri?"

Bwana Khubaib alijibu kwamba ziara inaendelea. Nanjala aliangalia saa yake kwa unyenyekevu, akamkumbusha kwamba gari lisilotembea halivurugi maoni, na kwamba zimebaki dakika ishirini na sita za Jaribio la Subira. Mkurugenzi alikaa akazimaliza. Wageni waliendelea kuja kwa vichochoro vingine, na kila aliyepita alimsalimu kwa jina na kumuulizia hali ya watu wa nyumbani, naye ilimbidi amjibu kila mmoja.

Mwishowe wachukuzi wanne walimtoa kwa mlango wa nyuma, wakimvuta kwa miguu, akiwa na nailoni yake. Kingi aliweka kigoda, na mkurugenzi akatua salama. Akazungushwa njia ya uani mpaka kiwanjani, na pale Ronny akarudi na habari kwamba idara ya kuta imepokea ombi, na kwamba kabla ya kulichomoa gari lile itaunda kamati. Itachukua wiki sita.

Jua lilikuwa limeanza kulegea. Kizingo kilikuwa mbali kwa mtu asiyezoea miguu yake. Kiwanjani palikuwa na gari moja tu linaloweza kuondoka. Bwana Khubaib alilisogelea Sanduku, akashika kitasa.

Nanjala akakohoa kidogo. Alikuwa ametoa fomu mpya.

"Samahani, bwana mkurugenzi. Ni kanuni tu. Unalijua gari unalolitaka?"

Bwana Khubaib alilitazama Meno ya Dhahabu, likingali linasema. Alilitazama Sanduku. Alimtazama bibi aliyesimama mlangoni na sahani tupu mkononi na leso yenye fundo begani.

"Lolote linalopita," alisema.

Nanjala akaliandika neno kwa neno. Akageuza karatasi, akaiweka juu ya boneti ya Sanduku, akaonyesha mahali pa sahihi ya cheti cha familia ya Kuze, na mkurugenzi akapapasa mfukoni mpaka akaipata ile kalamu ya kijani, ambayo kwanza ilikataa kuandika, ikabidi aitikisetikise. Kisha Nanjala akauliza, kwa kuwa fomu ilitaka hivyo, kama mjumbe anayepinga ana neno.

Bi Mejumaa alifikiri kwa dhati, maana aliahidi kujitahidi. Kisha akakisogeza kigoda kwa mguu wake mpaka kikafika chini ya mguu wa Bwana Khubaib.

"Panda, mwanangu," alisema. "Kaa nyuma. Kiti cha mbele ni cha dada yangu."