Faili Lisilotaka Kuvuka Barabara

Jumatatu, 4 Machi

Nimemaliza shule, na sasa nina kazi moja: kutazama dirisha la ng'ambo ya barabara. Ni studio, ghorofani, juu ya fundi viatu. Huko husomwa vitabu kwa sauti, vikarekodiwa, vikapelekwa kwa wasioona. Fikiria! Mtu amekaa peke yake, sauti yako inamshika mkono, inampeleka sokoni, milimani, vitani, inamrudisha salama.

Wanatafuta msomaji kijana. Mmoja tu. Unasoma hadithi nzima, unatuma rekodi kabla ya Ijumaa jioni. Nikikosa, naanza kuuza magodoro dukani kwa shangazi, ambako muuzaji husimama nje akiita wateja. Mimi! Mimi niliyekuwa naitika jina darasani na bado mwalimu ananiandika sipo!

Nimesomea ndani ya kabati la nguo, kati ya magauni ya mama, maana humo hakuna mwangwi. Nilisahau kabisa kwamba nina mwili. Nikatuma kwa barua pepe. Imekataa: faili ni kubwa mno.

Mama, anakunja nguo, kasema si uvuke tu umpelekee mwenye studio, mbona chumvi unavuka kununua? Mama hajui. Chumvi haikuulizi unaitwa nani.

Jumanne, 5 Machi

Mbinu! Haba na haba hujaza kibaba. Nimeikata hadithi vipande, nikatuma kimoja kimoja. Kisha nikalala chali, nikaviona vikiruka juu ya nyaya za umeme kama njiwa, vikitua dirishani.

Njiwa wamefika ovyo. Mwenye studio, mama mmoja wa miwani, ameandika kwa upole kwamba kipande cha kwanza sungura anazikwa, cha pili anaoa, na kinachofuata hakifunguki. Anaomba faili moja, mwanangu, lililo zima.

Na mpinzani nimemjua. Binamu yangu! Tunamwita Honi, kwa sababu akisalimia hapa wanaitikia mtaa wa nyuma. Amevuka na ndala zake, flashi mkononi, akamkabidhi mwenyewe, akarudi anapiga mluzi. Getini akaniuliza, vipi bibie, faili lako bado linasubiri usafiri? Hana haya. Ilibidi nione haya mimi kwa niaba yake.

Jumatano, 6 Machi

Nimegundua kiungo! Unaliweka faili kwenye folda mtandaoni, halafu unatuma mstari mmoja tu wa herufi. Humbebei mtu nyumba, unampa ufunguo. Nimekaa dirishani nikilisema neno hilo polepole mpaka likawa tamu. Kiungo.

Folda ikauliza: wenye kiungo watazame tu, au waongeze na kubadilisha? Nikachagua waongeze na kubadilisha. Kumwambia mgeni tazama, usiguse? Sikulelewa hivyo.

Nikamtumia mama wa miwani. Kasema atasikiliza kesho. Nikakiweka pia kwenye kundi la ukoo, waniombee. Simu ilikuwa imejaa, nikafuta rekodi ya humo. Ya nini tena? Sauti yangu sasa inaishi mawinguni.

Alhamisi, 7 Machi

Ukoo umeingia.

Shangazi ameweka video ya harusi nzima, pamoja na watu wakitafuta viti. Mjomba ameweka picha za gari analouza: mbele, nyuma, tairi, tairi, tairi. Babu amejirekodi akiuliza kama anasikika. Honi kaandika, asante dada kwa stoo ya bure. Folda ikajaa pomoni.

Basi mama mdogo, ambaye hawezi kuona vumbi akapita, akaamua kupunguza. Nilipomuuliza, kwa sauti ndogo, hadithi yangu iko wapi, akasema, lile jeusi lisilo na picha? Nilidhani limeharibika, mwanangu. Usijali, nimelitoa mpaka kwenye takataka.

Mama wa miwani akafungua baadaye. Ameuliza gari hilo ni la mwaka gani.

Nimelia kabatini. Kisha, kwa kuwa nilikuwa humo tayari, nikasoma upya.

Ijumaa, 8 Machi

Nina rekodi mpya. Nimeshuka nayo mpaka ukingoni mwa barabara. Likapita lori. Ikapita baiskeli. Kisha hakikupita kitu. Barabara tupu ni mbaya kuliko zote, haikupi kisingizio. Nikarudi ndani.

Nikapata tovuti inayotunza faili mpaka lipakuliwe mara moja, halafu linajifuta lenyewe. Kama ndoto: ukishaiota, imekwisha. Nikakijaribu kiungo kwanza kuhakikisha kinafanya kazi. Kinafanya kazi! Nikamtumia.

Akajibu kwamba humo hamna kitu. Nikaelewa polepole, kama mtu anayeamshwa. Kupakia tena? Bando lililobaki lilitosha maneno tu. Jua linashuka, naona magodoro yamejipanga mbele yangu. Akaandika tena: nyumba yenu si ile ya pazia la njano? Nakuja.

Nikaingia kabatini. Nikamsikia akikaribishwa, akiuliza mtoto yuko wapi. Mama akasema yuko ofisini kwake, akagonga mlango wa kabati. Nikasubiri ufunguliwe nife. Haukufunguliwa. Kiti kikavutwa. Akasema, usitoke mwanangu, baki hapo hapo, nisomee.

Nikasoma kwa mwanga wa simu. Sijui kwa muda gani. Nilipomaliza palikuwa kimya, nikadhani wameondoka. Kumbe mama alikuwa anatafuta kitambaa cha kufutia machozi.

Mama wa miwani kasema, bado tukiwa na mlango katikati yetu, kwamba Honi anafaa mnadani, na nafasi ni yangu. Nianze Jumatatu. Chumba chake cha kurekodia ni kama kabati, nitakizoea. Mlango utakuwa wazi, niingie tu. Nisitume kitu chochote.

Jumatatu, 11 Machi

Nimevuka! Nilijificha nyuma ya mtu aliyebeba meza, lakini nimevuka. Naandika nikiwa nimekaa ngazini kwake.

Nimetafakari sana jana. Kosa langu wiki ile lilikuwa moja: sikuchagua njia sahihi ya kutuma. Sasa nimepata tovuti nyingine, nzuri, haina masharti. Nimerekodi "Hodi." Kabatini, kwa ubora wa juu kuliko wote, maana ni hodi ya kwanza kazini. Kwa hiyo ni nzito kidogo. Kiungo nitakiweka pia kwenye kundi la ukoo, wasiseme nimewasahau. Shangazi tayari ameuliza kama ataruhusiwa kuongeza kitu. Nimemwambia ndiyo. Ningemkatalia vipi?

Inapanda polepole. Nusu. Nusu na kidogo.

Mlango umefunguka. Mama wa miwani kaniona, kacheka, kasema, mwanangu, mbona umekaa nje, ingia.

Nimemwonyesha kwa mkono asubiri. Imebaki kidogo tu.