Hotuba ya Dakika Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Barua kutoka shuleni kwa binti yangu. Wanatafuta mzazi mmoja wa kuwaongoza watoto watumie akili mnemba kwa busara. Cheo: Mlezi. Nimeisoma mara tatu. Ni mimi huyo, wamesahau tu kuandika jina.

Miaka kumi na tisa natengeneza friji. Mashine ni mashine. Ukijua inapopoa na inapochemka, umeijua yote. Mke wangu akasema mimi hata tochi ya simu huwa nawashiwa na binti. Nimempuuza. Nabii hakubaliki kwao.

Mpinzani ni mmoja tu, Mwoka Mikate wa mtaa wa pili. Mwanawe anasoma darasa moja na binti yangu. Mtu ana unga mpaka kwenye nyusi! Uchaguzi ni Alhamisi, na kila mgombea amepewa dakika kumi za kuhutubia. Maskini wa Mungu, namhurumia.

Jumanne, 4 Machi

Nimekaa na karatasi tangu nilipofunga karakana. Sentensi mbili. Ya kwanza: "Watoto ni taifa la kesho." Ya pili nimeifuta.

Kompyuta ya binti ilikuwa wazi mezani, mwenyewe yuko kwenye mazoezi ya mpira wa wavu. Kompyuta ya shule, akaunti ya shule. Wana utaratibu wao kule: mtoto akiiuliza mashine jambo, anaandika kwenye daftari la kijani aliuliza nini, alijibiwa nini, na alihakiki wapi. Kila Ijumaa mwalimu wa sayansi anapitia mazungumzo yote. Utaratibu mzuri sana, kwa watoto.

Nikavuta kiti. Nikaandika: mimi ni fundi friji hodari, nitungie hotuba ya dakika kumi ya kuwaonya watoto wasiandikiwe kazi na mashine. Isijulikane kwamba imeandikwa na mashine.

Ikanishauri kwa upole kwamba, kwa mada kama hii, ingefaa niwaambie wasikilizaji kuwa nimesaidiwa. Nikaiambia ifanye kazi yake, mahubiri iniachie mimi. Dakika moja haikuisha, hotuba hiyo! Na binti hajui kitu.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi ya hotuba mbele ya friji ya mteja, ile yenye mlango unaong'aa. Mikono yangu inapendeza nikihutubia. Kuna kipande kinasema kila jioni nakaa mezani na binti yangu, tunaiuliza mashine pamoja, tunabishana nayo, tunafungua vitabu kuhakiki. Hatujawahi. Lakini kimetungwa vizuri mpaka machozi yakanilengalenga. Baba wa namna hiyo ni wachache.

Binti alikuja na daftari lake la kijani. Amechaguliwa kupeleka chujio lake la maji kwenye maonyesho ya sayansi, yeye peke yake shule nzima. Miezi minne analihangaikia. Alitaka nimsikilize akilieleza. Nikamwambia aniwie radhi, niko katika shughuli nzito ya kuwasaidia watoto. Akarudi chumbani kwake. Mtoto mwelewa.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi!

Mwoka Mikate alianza. Dakika tatu tu, akaketi. Akakiri kwamba hajui kitu, mwanawe ndiye anayemfundisha. Eti siku moja waliiuliza mashine kiasi cha chumvi, wakafuata kama vipofu, mikate sitini ikaishia kwa kuku wake. Tangu siku hiyo hawaliamini jibu mpaka wameonja. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nahesabu kura. Nani atamchagua mtu aliyeharibu mikate sitini na kutangaza mwenyewe?

Nikapanda. Nilipofika kwenye kile kipande cha meza na binti yangu, mama mmoja akatoa leso. Kura arobaini na moja kwa ishirini na sita! Mwoka Mikate alinipa mkono na kunipongeza, sijui kwa nia gani. Nikajipangusa unga kwa heshima.

Binti alikuwa nyuma na wenzake. Hakupiga makofi. Nadhani aliona haya kuwa na baba maarufu.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Balaa kubwa.

Mwalimu wa sayansi amepitia mazungumzo. Amemwita binti na kumuuliza kama ni yeye aliyeagiza hotuba ya baba yake, au alimwazima mtu akaunti ili adanganye. Binti akanyamaza. Kanuni ni kanuni: jina lake limekatwa kwenye maonyesho. Chujio litabaki shuleni na nafasi atapewa mwingine, isipokuwa apatikane wa kusema ukweli kabla ya kesho saa sita mchana.

Amerudi macho mekundu. Mke wangu akanivuta jikoni, akasema mtoto amenyamaza ili asimtaje baba yake, na kama ningekuwa na haya ningekwenda shuleni kwa magoti. Kisha binti akaniuliza, kwa sauti ndogo, ni jioni ipi ile tuliyokaa mezani. Nikajifanya natafuta bisibisi. Nimeona aibu. Naiandika kwa sababu humu hasomi mtu.

Lakini mimi si wa kukata tamaa. Friji ya ofisi ya walimu inanguruma tangu mwaka jana. Kesho asubuhi naitengeneza bure, na katikati ya kazi nataja kwamba kompyuta siku hizi zinaingiwa na virusi. Mkono mtupu haulambwi.

Jumamosi, 8 Machi

Friji imepona. Walimu wakapiga vigelegele, mmoja akaweka maji yake humo papo hapo. Hapo ndipo nikaingiza habari za virusi, kwa utaalamu. Mwalimu wa sayansi akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kirusi hicho kilijuaje kwamba mimi ni fundi friji hodari.

Swali la mtego. Hata hivyo jibu nilikuwa nalo, tena zuri: kirusi kimesoma bango la karakana yangu. Nikafungua kinywa. Kupitia dirishani nikamwona binti yangu uani, anafungua chujio lake kipande kimoja kimoja na kukipanga kwenye katoni. Kila kipande anakifuta kwanza kwa ukingo wa sketi yake.

Bango nikalisahau. Nikajikuta nasema ni mimi, mimi peke yangu, mtoto alikuwa kwenye mpira wa wavu na hajui lolote. Nikasema na ya mezani kwamba ni uongo. Nilisema yote, mbele ya walimu wote, na mbele ya Mwoka Mikate aliyekuwa ameleta mikate ya chai. Siku nyingine haleti!

Jina la binti limerudishwa. Mlezi sasa ni Mwoka Mikate. Mimi nimepangiwa darasa la wanafunzi walionaswa wakinakili, nikae nao benchi moja, wote wana miaka kumi na miwili. Jumatatu nitawasomea ukurasa mmoja unaoitwa "Nilichojifunza". Uwe maneno yangu mwenyewe, uandikwe kwa mkono wangu mwenyewe. Njiani binti alinishika mkono mpaka nyumbani. Sikumbuki siku niliyojisikia vizuri hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Leo mtu mpya. Kompyuta ya binti siigusi tena, nimeapa. Kosa halirudiwi.

Nimetumia simu ya mke wangu. Nimeiagiza mashine iandike kama mtu aliyejuta kutoka moyoni, ukurasa mmoja, na iweke kisa kifupi cha kugusa. Mwoka Mikate na kuku wake watanitambua! Binti alipita, akanikuta nimeinamia karatasi, simu nimeifunika kwa kiwiko. Akamwambia mama yake apunguze redio, baba anafikiri. Akaniletea chai.

Wamesema kwa mkono wangu mwenyewe, na mimi ni mtu wa kufuata masharti. Saa nzima nimenakili, bila kuruka neno hata moja. Vidole vinauma.