Vita vya Dakika Tatu Uani kwa Bibi Tursunoy

Sogeeni, enyi wenye masikio, na mwenye sufuria jikoni aiache iungue, kwa maana nawaletea habari za Mohlaroy binti Sobir, mpimaji wa majengo, simba jike wa Khiva, aliyeuteka ua mzima pasipo kumwaga damu wala chai.

Alikuja kuipima baraza ya Bibi Tursunoy kwa mashine ya leza, jitu la miguu mitatu lenye jicho lizungukalo, ligusalo kila nguzo kwa miale isiyo na idadi. Kesho yake mafundi wangeng'oa nguzo zilizooza. Bila vipimo, hakuna ambaye angejua kuirudisha baraza kama walivyoiacha mababu. Nalo jitu lilikuwa na sharti moja: kwa dakika tatu, asionekane mtu.

Mara saba likawashwa. Mara saba Bibi akatokea na birika, na mara saba picha ikaonyesha ukungu uliojifunga mtandio, ukielea kati ya nguzo.

"Bibi, nakuomba, kaa ndani! Betri imebaki ya mara moja tu!"

"Nikae ndani, mgeni ana kiu uani? Majirani watasemaje, mwanangu? Na huyu mwenzako wa miguu mitatu tangu asubuhi hajatia kitu kinywani!"

"Huyo hanywi, Bibi!"

"Ndiyo maana kakonda."

Mohlaroy akajiuliza. Amfukuze mwenye nyumba? Aibu! Akatae chai? Huko Khiva, heri ukatae hewa. Ndipo akakumbuka udhaifu wa jitu: jicho lile huona paa, ukuta, hata kiota cha njiwa, ila halioni chini ya miguu yake lenyewe. Akairefusha miguu ile hadi mwisho, akabonyeza kitufe, akamvuta Bibi, wakajipenyeza chini yake goti kwa goti, birika katikati.

"Goti lako linanichoma."

"Usicheke, Bibi, utalitikisa!"

"Anayecheka ni wewe. Kunywa."

Akanywa. Juu yao jicho likazunguka kwa ghadhabu, likitafuta mtandio, lisiuone.

Jitu lilipotulia, nguzo kumi na moja zilisimama kwenye skrini, kila ua lililochongwa mahali pake. Bibi akaitazama kwa muda mrefu baraza yake isiyo na mtu.

"Nzuri," akasema. "Ila mgeni hatakaa hapo. Nani atampa chai?"

Basi na iandikwe, na vizazi vikariri: hivyo ndivyo ulivyotekwa ua wa Bibi Tursunoy, kwa kuchuchumaa.