Uzinduzi wa Oveni ya Kuokea Kabichi Katika Jiko la Hospitali

Kabla sijataja vyeo vya watu, niruhusuni niitaje bahati yangu, maana ndiyo yenye cheo kikubwa kuliko sote humu ukumbini: mimi nilizaliwa na nyota ya jaha, nikipiga chafya tu kuna mtu ananiletea leso, na oveni hii mnayoiona imefunikwa shuka jeupe na kuzungushiwa utepe mwekundu niliiomba kwa barua moja, aya tatu, ikaja. (Makofi.)

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Mheshimiwa Kaimu Mganga Mkuu, unayemkaimu hata akiwa ameketi ubavuni pako. Mheshimiwa Mtunza Stoo, mshika funguo zetu sote. Mama Mpishi Mkuu na jeshi lako la miiko. Ndugu wauguzi wa zamu ya asubuhi, pamoja nanyi wa zamu iliyopita mliozuiwa getini msiende kulala ili ukumbi ujae. Wagonjwa wetu watukufu, hasa babu wa kitanda namba tisa uliyefika na dripu yako. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Babu wa kitanda namba tisa: “Chakula saa ngapi?” Kicheko.)

Saa saba, babu, kama kawaida, ila leo si kwa kawaida.

Mimi, Ofisa Lishe Mwandamizi Daraja la Pili, ninayelisubiri la Kwanza, niliona kwamba kwa miaka kumi na moja kabichi ya hospitali hii imekuwa ikichemshwa tangu alfajiri mpaka inasahau kuwa ilikuwa mboga, na utafiti wangu shirikishi, nilioufanya kwa kuchungulia sahani zinazorudi jikoni, umethibitisha kwamba asilimia themanini ya wagonjwa wanaiacha, asilimia arobaini wanaisukuma pembeni, na waliobaki ni babu, ambaye huimwaga kwenye maua ya dirishani. (Babu: “Na maua yenyewe yakafa!” Kicheko kirefu. Muuguzi anaishika dripu isidondoke.)

Ndipo nikabuni, kwa kichwa hiki hiki, Mkakati Jumuishi wa Uokaji Endelevu wa Kabichi, wenye vizheni, misheni na Fezi ya Kwanza. Mimi nimetembea, ndugu zangu, nimelala hoteli zenye lifti mbili, na huko nimeona kabichi inakatwa mapande manene kama kamusi, kigogo cha katikati kinaachwa ili majani yasitawanyike, inapakwa mafuta, inanyunyiziwa chumvi na pilipili manga, inalazwa kwenye trei na kuingizwa kwenye oveni kali nusu saa na kitu, inageuzwa mara moja tu, na ikitoka, jamani, kingo zimekuwa za kahawia zinakatika karakara, ndani laini, tamu, na ukiiweka pembeni ya wali, wali wenyewe unajisogeza kuipisha. (Watu wanameza mate.)

(Mama Mpishi Mkuu, mlangoni: “Mheshimiwa, samahani mwanangu. Saa sita na robo hii. Mapande mia na sitini yako kwenye trei tangu saa tatu, nimeshayapaka mafuta. Kata utepe niingize.”)

Mama, haraka haraka haina baraka.

(Mama Mpishi Mkuu: “Na ngoja ngoja yaumiza matumbo!” Makofi makubwa kuliko yale ya kwanza.)

Nawaelewa wadau wa jikoni, hasa ukizingatia kwamba jana, kuaga rasmi zama za kuchemsha, niliagiza masufuria yote makubwa yafungiwe stoo. Lakini mtaniuliza, mheshimiwa, umewezaje? Siri ni utaratibu. Ofisi yangu haibahatishi: taarifa ya kukamilika kwa mradi huandikwa kwanza, ili mradi ukifika ukute njia imefagiliwa. Kwa hiyo mwezi wa pili nilituma kurasa hamsini kueleza kwamba oveni imepokelewa, imefungwa, inawaka, na wagonjwa wameongezeka kilo mbili mbili, na makao makuu wakanipongeza kwa barua yenye mhuri. (Makofi. Mganga Mkuu anaacha kupiga ghafla.)

(Mama Mpishi Mkuu anaingia na trei ya kwanza, wasaidizi wawili nyuma yake. “Pisheni, wagonjwa hawali mhuri.” Anausukuma utepe kwa kiwiko.)

Mama, taratibu, bado kauli mbiu! Nikisema kabichi, mseme iokwe! Kabichi! (“Iokwe!”) Kabichi! (“Iokwe!”) Mgonjwa! (Babu: “Ale!”)

Na kwa kuhitimisha namshukuru Mganga Mkuu kwa kuja bila kuuliza maswali, namshukuru dobi kwa shuka, namshukuru Mtunza Stoo kwa kutuazima kabati la mafaili, ambalo kwa kimo na kwa mlango linafanana mno na... Mama, tafadhali, usiingize hiyo trei, humo mna maombi ya likizo ya wauguzi! (Shuka linaanguka. Muuguzi: “Kumbe likizo yangu imelala humu tangu mwaka juzi!” Zogo.)

Tulieni, ndugu zangu. Hakuna oveni. Haijawahi kuwepo. Makao makuu wanajua tunayo, wameisoma kwenye kurasa zangu hamsini, na mtu ataombaje kitu alichokwisha kupongezwa kuwa nacho?

(Babu: “Kwa hiyo leo tunakula taarifa?”)

Hapana, baba yangu. Mtunza Stoo, kimbia, toa masufuria. Mama, chemsha, ila dakika chache tu, isife. Nipe na mimi kisu, nikusaidie kuyapunguza hayo mapande, maana saa saba haiahirishwi.

Asanteni kwa kunisikiliza. Na ile bahati niliyojigamba nayo ni uongo. Barua ya kuomba oveni sikuwahi kuiandika.